Mshumaa wa zambarau umepauka, wa vanila umegeuka kahawia: sababu mbili, tiba mbili

SWALI: Natengeneza mishumaa nyumbani hapa Tanga, nauza kwa majirani na kwa hoteli ndogo. Natumia parafini na nta ya soya kidogo. Mishumaa ya zambarau yenye harufu ya asumini niliyoipanga dirishani imepauka upande mmoja, sasa inafanana na majivu. Myeupe ya vanila niliifungia kabatini, lakini nayo imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Niliuziwa unga wa kuzuia jua, nikautia kwenye aina zote mbili, na ya vanila imegeuka vilevile. Kuna aliyeniambia kwamba naunguza nta. Nina oda ya harusi ya mishumaa ya zambarau na myeupe na naogopa kuharibu. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, umetaja jambo ambalo wengi hulisahau wanapouliza: mshumaa gani ulikaa wapi. Wa zambarau ulikaa dirishani ukapauka upande mmoja. Wa vanila ulikaa gizani ukageuka mzima. Kwa hayo mawili tu tunajua kwamba hapa kuna matatizo mawili yasiyohusiana, na unga uliouziwa unatibu moja. Kupauka ni kazi ya mwanga, nao unatoka nje. Kugeuka kahawia ni kazi ya manukato uliyoyatia mwenyewe, iko ndani ya nta tangu siku ya kumimina. Hakuna unga wala tone litakalomaliza yote mawili kwa mkupuo, na anayekuuzia kitu kwa ahadi hiyo anakupotezea pesa.

Usinunue chochote kwanza. Chukua mshumaa wa zambarau, ukwangue kwa kisu upande uliopauka, kina cha milimita moja au mbili. Ukikuta zambarau nzima chini yake, mwanga ndio uliokula. Kisha utazame wa vanila. Huo huanzia juu na kwenye kingo, panapoguswa na hewa, halafu hushuka ndani, lakini hauchagui upande. Haujali dirisha liko wapi. Halafu kuna tatizo la tatu linalowadanganya watu wengi, hasa wanaochanganya soya kama wewe: uso wa mshumaa wenye rangi unatoka mabaka meupe kama umepakwa unga, na mtu anadhani rangi imepauka. Hayo ni mafuta ya soya yaliyoganda kuwa fuwele. Yapitishie hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele kwa sekunde chache. Rangi ikirudi, haikuwa imepotea. Nta yako ilipoa vibaya tu. Mimina kwenye gilasi iliyopashwa joto kidogo, iache ipoe polepole mbali na feni, na mabaka yatapungua. Kwa soya hayaishi kabisa, na hayadhuru kitu.

Sasa tuingie kwenye mwanga, maana ndiko oda yako inakoponea au kuharibikia.

Chembe ya rangi hufanya kazi kwa kumeza sehemu ya mwanga na kuyarudishia macho yetu sehemu iliyobaki. Kila inapomeza, inapokea nguvu. Ikipokea nguvu nyingi na oksijeni ikiwa jirani, vifungo vyake hukatika, na chembe iliyokatika haimezi tena mwanga ule iliokuwa ikiumeza. Hapo rangi imekufa na hairudi. Miale ya urujuanimno, ile ya jua tusiyoiona kwa macho, ndiyo inayokata haraka zaidi, ingawa mwanga wa kawaida tunaouona nao hukata, polepole. Tanga iko takriban digrii 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya utosi mara mbili kila mwaka. Kwenye kipimo cha ukali wa miale hiyo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, kuanzia 11 kwenda juu ndilo daraja la mwisho, na katika pwani yetu kufika hapo saa sita mchana ni jambo la kawaida. Kwa hiyo usisome maelekezo ya mtengenezaji wa Uingereza anayekuambia rangi yake hukaa miezi kadhaa dirishani ukadhani dirisha lake na lako ni sawa.

Wala usitegemee kioo. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miale mifupi, ile inayochoma ngozi, lakini mirefu kidogo inapita pamoja na mwanga wote unaoonekana. Gilasi nyeupe ya mshumaa nayo hivyohivyo. Gilasi ya rangi ya kahawia, ile inayofanana na chupa za dawa, huzuia zaidi; ndiyo maana hospitalini dawa zinazochukia mwanga huwekwa humo. Kama una mshumaa wa rangi nyepesi ambao lazima ukae dukani kwa mteja wako, gilasi hiyo inakulindia rangi na manukato pamoja, ingawa mteja haoni rangi vizuri mpaka afungue kifuniko.

Kwa nini zambarau? Kwa sababu mara nyingi si rangi moja. Ni nyekundu na buluu zilizochanganywa, na hazichoki kwa pamoja. Ikitangulia nyekundu, mshumaa unabaki wa kibuluu. Ikitangulia buluu, unabaki wa waridi chakavu. Zikienda sambamba unapata huo ujivu wako. Zambarau, waridi na buluu mpauko ndizo zinazotangulia kufa. Zinazong'aa sana, zile za kumetameta kama koti la mwendesha bodaboda, hufa mapema kuliko zote. Rangi iliyokolea hudumu zaidi machoni, kwa sababu hata ikipoteza robo bado inaonekana imekolea, wakati rangi nyepesi ikipoteza robo kila mtu anaona.

Hukunieleza rangi yako ni ya aina gani, na hapo ndipo ningekuuliza kwanza kama tungekuwa tumekaa pamoja. Rangi ya mshumaa inapaswa kuwa ile inayoyeyuka kwenye mafuta na kuwa kitu kimoja na nta. Inauzwa ikiwa ya maji, ya vipande au ya unga. Rangi ya chakula imetengenezwa kwa ajili ya maji, haishikani na nta. Rangi za unga ambazo mama zetu huzichemsha na ukili wa mikeka nazo ni za maji. Ukizitia kwenye nta zinazama chini ya kalibu na kilichobaki juu hupauka upesi. Kalamu za nta za watoto zina rangi ya chembechembe zisizoyeyuka; mshumaa unapendeza siku ya kwanza, lakini zile chembe zinaziba utambi na mwali unakufa. Rangi ya ukuta usiiguse kabisa, moshi wake si wa kuvutwa na mtu. Wanaopenda vitu vya asili hutumia manjano, ile bizari ya jikoni, au mbegu za mzingefuri, na kweli vyote viwili hutoa rangi nzuri kwenye mafuta, lakini ni vidhaifu mno mbele ya mwanga. Manjano hasa. Weka mshumaa wa manjano dirishani, muda si mrefu utasahau kwamba ulikuwa wa manjano.

Unga wako wa kuzuia jua, ukiwa ni wa kweli, ni kemikali ya jamii ya benzofenoni au benzotriazoli. Unameza miale ya urujuanimno kabla haijaifikia rangi na kuitoa kama joto dogo lisilo na madhara. Kipimo kinachotumika sana ni kati ya asilimia 0.2 na 0.5 ya uzito wa nta, yaani gramu 2 hadi 5 kwa kilo. Pima kwa mizani ndogo ya kielektroniki, ile ya kupimia hata gramu moja. Usipime kwa kijiko, kwa sababu unga mmoja ni mwepesi na mwingine mzito. Utie nta ikiwa na joto la nyuzi 80 hivi na ukoroge mpaka usione chembe hata moja, maana usipoyeyuka hautalinda kitu. Kama mwuzaji ameandika kipimo chake kwenye pakiti, fuata chake. Na ujue mpaka wake: unga huu unanunua muda. Mshumaa unaoanikwa juani utapauka tu, ila baadaye kidogo. Ningekuwa na shilingi ya kuchagua kati ya unga huu na boksi la kufunika, ningenunua boksi.

Kwa hiyo dirishani usiweke bidhaa. Weka mmoja wa maonyesho, usio na manukato, uliokusudia usiuuze, na ukichakaa uubadilishe. Bidhaa yenyewe ikae kwenye rafu ya ndani, isiyopigwa na jua asubuhi wala jioni. Taa za mirija ya fluoresenti nazo hutoa urujuanimno kidogo, na mshumaa ukikaa karibu nazo mchana na usiku kwa miezi utaonyesha. Taa za LED hazina shida kubwa hiyo. Kama unapeleka sokoni chini ya bati la plastiki linalopitisha mwanga, funika kwa kitenge wakati wa jua kali. Wauzie wa hoteli kwa idadi ndogo mara kwa mara badala ya shehena moja itakayokaa mapokezi mwaka mzima.

Nakuja kwenye vanila, ambayo nadhani ndiyo iliyokuumiza zaidi kwa sababu ulifanya kila kitu sawa na bado ikageuka.

Harufu ya vanila inatokana na kitu kinachoitwa vanilini. Kinapatikana kwenye tunda la vanila linalolimwa Kagera na Uganda, lakini kilichomo kwenye manukato ya mishumaa karibu chote kinatengenezwa viwandani, kazi iliyoanzishwa na Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann mwaka 1874. Kwa rangi hakuna tofauti: cha shambani na cha kiwandani ni kitu kilekile, na vyote hukutana na oksijeni vikageuka kuwa njano, kisha kahawia. Mwanga na joto huharakisha, giza halizuii. Ndiyo maana kabati halikukusaidia na unga wa jua haukukusaidia. Mtu akikushauri utumie vanila halisi ya kupikia ili usigeuke, hapo tena kuna kosa jingine: ile imetengenezwa kwa spiriti na maji, haichanganyiki na nta.

Uliza mwuzaji wa manukato asilimia ya vanilini. Mwuzaji makini anayo kwenye karatasi ya bidhaa, na asiyekuwa nayo unajua umesimama mbele ya nani. Pakiandikwa sufuri, mshumaa hautageuka kwa sababu hiyo. Nusu asilimia au moja hivi itakupa rangi ya krimu. Ikipita 5, tegemea kahawia, na manukato ya keki, karameli na chokoleti mara nyingi yako huko. Fanya hesabu ya kilo moja ya nta: ukitia manukato kwa asilimia 8, hizo ni gramu 80. Yakiwa na vanilini asilimia 10, umetia gramu 8 za vanilini kwenye kilo. Hizo ni nyingi kuliko rangi yoyote utakayotia. Ukipunguza manukato kutoka 8 hadi 5, unapunguza na kahawia, lakini huiondoi.

Na vanilini haiko peke yake. Mafuta ya karafuu, ambayo sisi wa pwani tunayo mlangoni kutoka Pemba na Unguja, kwa sehemu kubwa kabisa ni eujenoli, nayo hukoleza njano na kahawia kadiri inavyokaa. Manukato ya maua meupe, asumini yako yakiwamo, huwa na indoli, ambayo inapenda kuelekea njano hadi wekundu wa kutu. Mchaichai na machungwa huvuta njano. Kwa hiyo tazama mafuta yenyewe kwenye chupa nyeupe kabla hujayatumia. Yakiwa ya njano iliyokolea, mshumaa mweupe hutapata, na buluu yako itageuka kijani siku hiyohiyo, maana njano juu ya buluu haina njia nyingine. Hata zambarau yako inaweza kuwa ilipata pigo mara mbili: jua kutoka nje na asumini kutoka ndani. Ukikwangua ukaona hata katikati imefifia kidogo kuelekea kahawia, ndiyo hivyo.

Zipo dawa zinazouzwa kwa jina la kuzuia vanila isigeuke. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya sabuni na losheni, ambako kuna maji. Kwenye nta hazifanyi kazi yake, na nyingine zinajitenga na kubaki kama matone. Usihangaike nazo. Wengine hutia unga mweupe wa titani daioksaidi kufunika. Unafunika kweli, lakini kahawia iliyofunikwa na nyeupe ni rangi ya vumbi, na unga ukizidi unaziba utambi.

Njia ninayoipenda mimi, na ambayo ningekushauri uanze nayo wiki hii, ni kuacha kushindana na vanila. Ufanye mshumaa wa vanila uwe kahawia tangu siku ya kwanza. Utie rangi ya kahawa, ya kunde au ya mdalasini, uite jina linaloendana na rangi hiyo, na mteja atakayeununua leo na atakayeununua baada ya miezi minne watapata kitu kimoja. Huo ndio uaminifu wa bidhaa. Mshumaa mweupe uupe harufu isiyo na vanilini, na zipo nyingi nzuri: mrehani, pamba safi, chumvi ya bahari, waridi jepesi. Kila mara soma karatasi.

Kama mteja anang'ang'ania vanila na weupe kwa pamoja, kuna ufundi wa kuuvalisha mshumaa koti. Mshumaa wenye harufu unautengeneza mwembamba kidogo, ukishapoa unauchovya kwenye parafini nyeupe isiyo na harufu, yenye joto la nyuzi 80 hivi, sekunde chache tu, unautoa na kurudia mpaka koti linenepe kiasi cha milimita mbili. Kwenye koti hilo unaweza hata kutumia rangi ya chembechembe, ambayo haipauki ovyo, kwa sababu ni tabaka jembamba lililo mbali na utambi. Lakini mwambie mteja ukweli: manukato hutembea ndani ya nta, polepole, na siku moja yatafika kwenye koti. Utakuwa umesogeza tarehe mbele. Kutembea huku ndiko pia kunakofanya mishumaa ya matabaka mawili ya rangi ichanganyike mpakani, nyekundu ikaingia kwenye nyeupe. Na kwa joto letu la Februari kunakwenda haraka zaidi.

Sasa, hilo la kuambiwa unaunguza nta. Linawezekana, lakini lisikubaliwe bila kupimwa. Yeyusha nta yako tupu, usitie rangi wala harufu, mimina mshumaa mdogo. Ukitoka mweupe na ukabaki mweupe, nta na moto wako havina kosa. Ukitoka wa njano, kuna mambo mawili. Moja ni nta yenyewe: parafini iliyosafishwa nusu ina mafuta mengi zaidi ndani yake kuliko iliyosafishwa kikamilifu, ambayo mafuta yake hayafiki asilimia 0.5 au huishia hapo, na mafuta hayo ndiyo yanayopiga njano. Magunia yanafanana sana, bei ndiyo tofauti. Kwa mishumaa myeupe nunua iliyosafishwa kikamilifu, usione uchungu. La pili ni jiko. Sufuria ya nta ikikaa moja kwa moja juu ya mkaa, chini inaungua huku juu bado kuna bonge. Weka sufuria ndani ya sufuria yenye maji, tumia kipima joto, simamia kati ya nyuzi 75 na 85, na uyeyushe kiasi unachomimina leo. Nta inayoachwa jikoni kutwa, ikapoa, ikapashwa tena kesho, hugeuka njano hata ikiwa ya bei gani. Soya ni nyepesi zaidi kuharibika kwa joto, na ikikaa kwenye mwanga nayo hupiga njano hata bila manukato. Na usiondoke jikoni nta ikiwa motoni; ikishika moto funika kwa kifuniko, usimwage maji.

Vyombo navyo vina lake. Alumini, chuma kisichoshika kutu na enameli nzima havina tatizo. Sufuria ya shaba ya bibi iache kwenye pilau: asidi ya steariki, ambayo wengi huitia ili kugandisha na kung'arisha, hula shaba na kuupa mshumaa ukijani. Chuma cha kawaida na debe lenye kutu hutia uhudhurungi, na mafuta ya karafuu yakigusa chuma huwa meusi haraka ajabu.

Siku ukitaka kuhamia kwenye nta ya nyuki, kumbuka hiyo ina tabia zake. Nyingi inayotoka Tabora huwa imekwisha kukolezwa na pipa la chuma kabla haijakufikia. Unaweza kuisafisha kwa kuiyeyusha ndani ya maji ya mvua yenye ndimu ya unga kidogo, kisha kuiacha igande juu ya maji polepole na kukwangua uchafu wa chini. Ukungu mweupe unaotoka juu ya mishumaa yake ni wa kawaida, unafutika kwa kitambaa laini chenye joto. Na ajabu yake ni kwamba jua, ambalo linaigeuza soya kuwa njano, huifanya nta ya nyuki iwe nyeupe. Watengenezaji wa zamani wa Ulaya waliianika juani juu ya majani kwa utepe mwembamba ili iwe nyeupe kwa ajili ya makanisa.

Kuhusu mishumaa yako iliyokwisha kuharibika, usijaribu kuirudishia weupe kwa klorini. Klorini ya kufulia iko ndani ya maji, nta ni mafuta. Vikipashwa pamoja maji yanachemka chini ya nta na kuirusha usoni. Ya zambarau ikwangue au ichovye koti jipya. Ya vanila iyeyushe upya, itie rangi ya kahawia, uiuze kwa heshima yake. Harufu itapungua kidogo, ila bado ipo.

Kwa oda ya harusi, anza na jaribio leo. Mimina mishumaa minne midogo kwa nta utakayoitumia: mmoja mtupu, mmoja wenye rangi tu, mmoja wenye manukato tu, mmoja wenye vyote pamoja na unga wa jua. Kila mmoja uuzungushie foili nusu, uuweke dirishani, uandike tarehe na vipimo chini yake. Baada ya wiki mbili ondoa foili na ulinganishe nusu kwa nusu. Uliojificha chini ya foili ukigeuka, lawama ni ya manukato au nta. Uliokuwa wazi peke yake ukigeuka, lawama ni ya mwanga. Ule wenye rangi tu utakuambia rangi yako ina thamani gani, na usipoipenda, bado una muda wa kutafuta nyingine.

Kisha ya harusi yenyewe. Myeupe itoke bila harufu kabisa. Mezani kuna pilau na maua, hakuna atakayeuliza. Ya zambarau iwe imekolea kuliko anavyotaka bibi harusi kwa nusu daraja, na uamue ukolevu kwa kudondosha tone kwenye sahani nyeupe na kulisubiri ligande, kwa sababu nta ya moto huonyesha rangi nyeusi kuliko itakavyokuwa. Asumini tia kwa asilimia 4 hivi au uiache. Changanya rangi ya oda nzima kwa mara moja kwenye nta kidogo iliyokolea sana, halafu ugawe kwa uzito kwenye kila sufuria, ili meza ya kwanza na ya mwisho zifanane. Timiza kumimina wiki mbili kabla, funga kila mshumaa kwa karatasi laini nyeupe isiyochuja rangi, panga kwenye boksi, boksi chini ya kitanda au ndani ya kabati la chumba chenye ubaridi. Siku yenyewe usiiache kwenye gari lililofungwa juani, itatoka jasho la manukato na kupinda. Ifungue ukumbini wakati meza zinapambwa. Mwanga wa siku moja hauwezi kuifanya lolote.

Na dai malipo ya awali kabla hujanunua nta, dada. Parafini nzuri ya oda ya namna hiyo si ya kukopwa.